Teknolojia Haina Kosa, Mwenye Kosa Ni Mchimbaji

Utalisikia redioni Goma, utalisikia mimbarini, na utalisikia kwenye semina za mashirika ambako chai huja mapema kuliko hoja: teknolojia ni chombo tu. Haina wema wala ubaya. Simu haijawahi kuua mtu, droni haina chuki, akili mnemba haina kabila. Ubaya umekaa moyoni mwa mtumiaji. Basi tumtengeneze mtumiaji: afundishwe kutosambaza uongo, ahubiriwe amani, apewe cheti, na mambo yatanyooka. Mfano unaopendwa ni kisu. Kisu kilekile hukata mboga jikoni na humchoma mtu mtaani. Nani amewahi kukiona kisu kizimbani?

Msema pweke hakosi, kwa hiyo nitaisema hoja hii kwa nguvu zake zote kabla ya kuikaba koo. Wanaoitetea si wajinga. Wanatukumbusha kwamba Machi 1993, mauaji ya kikabila yalipoanza katika soko la Ntoto, Walikale, Kivu Kaskazini, kisha yakasambaa hadi Masisi, hapakuwa na simu ya mkononi wala mtandao wa kijamii. Watu waliuana kwa mapanga na mikuki, na uvumi ulitembea kwa miguu ukafika. Wanatukumbusha pia kwamba simu hiyohiyo inayolaumiwa ndiyo iliyowaambia watu wa vilimani kwamba vita vimekaribia, wakatoka na watoto usiku; ndiyo iliyofikisha pesa za ndugu katika kambi za Bulengo na Lushagala. Mwisho wanasema jambo zito zaidi: ukianza kulaumu vitu, wauaji watajificha nyuma ya vitu. Kila mtu abebe dhambi yake.

Hoja inapendeza masikioni. Ubovu wake hauonekani mpaka uipandishe mlima, na mlima ninaoutaka ni Mushaki.

Mushaki iko Masisi, juu ya Sake, katika nchi ya malisho, maziwa na jibini, kwenye njia ya kwenda Rubaya. Desemba 2007 jeshi la serikali liliiteka kutoka kwa waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda, likaipoteza tena baada ya siku chache. Februari 2023 iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Baadaye mwaka huohuo askari wa Burundi, waliokuja katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakapiga kambi hapo. Desemba M23 wakarudi. Kijiji cha namna hii kina ujuzi ambao semina haina. Vyombo vya kisasa vimepita juu yake, chini yake na katikati yake, na kila mara wenyeji ndio walioshika makali, mpini ukiwa kwa mwingine.

1. Hadithi inayoanzia jikoni

Tazama hila iliyomo katika mfano wa kisu. Hadithi inaanza kisu kikiwa tayari jikoni. Nani alikifua, chuma kilitoka wapi, mfuaji alilipwa nini, hayo yamefutwa kabla hatujakaa. Tunaulizwa swali moja tu: unakata mboga au unachoma mtu? Ukikubali kuanzia hapo, umeshashindwa.

Simu haianzii kwa mtumiaji. Ndani yake mna vifaa vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuutoa kwa kipimo. Vile vinavyosifiwa kwa kubeba umeme mwingi katika umbo dogo hutengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Machimbo ya Rubaya hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Huko watu huchimba kwa sepetu, kwa mtarimbo na kwa mikono. Mvua ikizidi, udongo huwashukia wakiwa ndani. Gunia hutoka kwa mgongo wa mtu, kisha kwa pikipiki. M23 iliichukua Rubaya tarehe 30 Aprili 2024, na kufikia Desemba mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameandika kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya walau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya hapo. Chombo kisicho na ubaya wala wema, kabla hakijatiwa ndani ya boksi lake jeupe, kimekwisha kulipa kodi ya vita.

Najua jibu litakalokuja. Hiyo ni biashara, wataniambia, si teknolojia. Lakini nionyesheni simu iliyowahi kutengenezwa bila biashara hiyo. Ukiondoa madini, wachimbaji, barabara, vizuizi vya barabarani na mpaka, unabaki na wazo la simu, na wazo halipigi wala halipokei. Isitoshe, matumizi ya tantalamu hayakushuka kutoka mbinguni. Zipo kapasita za kauri, zipo za niobi, na katika kazi nyingi zinaweza kushika nafasi yake. Mahali fulani mhandisi alikaa mezani akapima: hii ni ndogo zaidi, hii inadumu, hii itaifanya simu iwe nyembamba. Katika hesabu yake mlikuwa na bei, uzito na joto. Rubaya haikuwemo. Huo ni uamuzi wa kimaadili hata kama aliyeufanya alidhani anafanya fizikia, na umo ndani ya simu kabla mnunuzi hajaigusa.

Mwaka 2000 bei ya tantalamu ilipopaa dunia nzima kwa sababu viwanda vya simu na vya michezo ya kompyuta viliigombania, Kivu ilikuwa katikati ya vita kuu. Vijana waliacha mashamba na shule wakaenda mashimoni, na kila jeshi likataka kilima chake. Hakuna mtu Masisi aliyekuwa ametumia vibaya simu yoyote. Wengi hawakuwa nayo.

2. Dhamiri ya plastiki

Itaonekana kana kwamba dunia haikufanya lolote. Ilifanya, na ilichofanya ni kichekesho kirefu, kwa hiyo nitakaa nacho.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni kueleza kama madini yao yanatoka kwenye vita vya Kongo. Kwetu watu waliipa jina la sheria ya Obama, na wengine hadi leo hulitaja jina hilo kwa uchungu. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, akaufungua tena Machi 2011. Wanunuzi wakubwa wakakimbia. Mchimbaji aliyekuwa akilipia watoto shule akaambiwa kwamba jasho lake linanuka damu; mwenye kiwanda akaambiwa ajaze fomu. Kichwa cha makala hii kimetokana na mgawanyo huo wa adhabu.

Ndipo ikaletwa tiba, na tiba ya teknolojia huwa teknolojia nyingine. Mpango wa iTSCi ulifunga magunia kwa lebo za plastiki zenye namba na mistari ya kusomwa na mashine. Gunia lenye lebo ni safi, lisilo na lebo ni chafu. Mnunuzi wa mbali hakuhitaji tena kujua Rubaya iko wapi wala nani anashika kilima. Alihitaji kusoma lebo. Miaka ikapita, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika mara kwa mara juu ya lebo zilizouzwa na madini ya magendo yaliyoingizwa katika magunia halali. Aprili 2022 shirika la Global Witness likachapisha shutuma nzito kwamba mpango huo ulikuwa unasafisha madini machafu, nayo iTSCi ikazikanusha. Oktoba mwaka huohuo jumuiya ya makampuni inayosimamia viwango vya madini iliuondoa mpango huo kwenye orodha ya mifumo inayoitambua. Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo walipeleka malalamiko ya jinai Paris na Brussels dhidi ya matawi ya Apple. Kampuni hiyo ilikana, ikasema ilikwisha kuwaagiza wauzaji wake wasinunue madini hayo kutoka Kongo wala Rwanda.

Korti ziseme yao. Mimi nina la kuwaambia watu wa "chombo tu". Lebo ilipoletwa, mliisifu vipi? Mlisema teknolojia imeleta uwazi, teknolojia imemkomboa mchimbaji, teknolojia imekata mnyororo wa vita. Kila kitenzi kilikuwa cha teknolojia. Lebo ilipoanza kuuzwa gizani, kitenzi kikahamia kwa binadamu: maofisa wala rushwa, wachimbaji wadanganyifu, wenyeji wasioelimika. Sifa ni za chombo, lawama ni za mtu. Chagueni moja. Kama chombo kinaweza kukomboa, basi kinaweza pia kufunga. Na kama hakina uwezo wowote wa kufanya ubaya, acheni kutuuzia kama mkombozi.

Gharama iliyofichika ni kubwa kuliko lebo zilizoibwa. Kabla ya lebo, mnunuzi mwenye haya alilazimika kujiuliza swali. Baada ya lebo, swali liliulizwa na mashine na kujibiwa na plastiki, naye akalala usingizi. Dhamiri ilichukuliwa kutoka kifuani mwa mtu ikafungwa kwenye gunia, na gunia hupitishwa mpakani.

3. Jicho lisilo la wanaotazamwa

Juu ya vilima vya Masisi kuna kitu kingine. Desemba 2013, pale Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha droni za upelelezi zisizo na silaha, mara ya kwanza katika historia ya ulinzi wake wa amani. Tuliahidiwa jicho litakalowaona waovu popote walipo. Mwezi uliofuata moja ya droni hizo ilianguka uwanja wa ndege wa Goma, lakini hilo si neno; hata ndege zenye marubani huanguka.

Neno ni Kishishe. Mwishoni mwa Novemba 2022, karibu miaka tisa baada ya jicho kufunguliwa, raia waliuawa katika vijiji vya Kishishe na Bambo, huko Rutshuru. Uchunguzi wa awali wa Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa 131 na kulitaja kundi la M23. Taarifa hizo zilipatikanaje? Kwa kuwahoji watu 52, wahanga na mashahidi waliofika Rwindi. Jicho la angani lilikuwapo mkoani; aliyetoa ushahidi ni mtu aliyekimbia kwa miguu yake na kusema kwa kinywa chake.

Mtetezi atanijibu kwamba droni haikutumiwa vizuri, na hapo tumerudi kwa mtumiaji. Sawa, mtumiaji ni nani? Si mama wa Mushaki. Yeye hana ruhusa ya kuomba picha ya kilima chake mwenyewe, hawezi kuuliza nini kilionekana jana usiku, hajui picha zimehifadhiwa nchi gani. Ametazamwa tangu 2013 na hajawahi kuonyeshwa. Kisha Kinshasa ikanunua droni za kivita za Kichina, CH-4. Februari 2024 mabomu ya droni yakaanguka uwanja wa ndege wa Goma, na jeshi la Kongo likasema droni hizo zimetoka Rwanda. Sasa anga moja ina macho ya mlinzi, macho ya serikali na macho ya adui, na chini yake yuko mtu anayesikia mngurumo uleule. Aende shamba au asiende? Wakusanyike matangani au watawanyike? Uhuru wa kutembea katika kilima cha baba yake umekuwa jambo la kubahatisha kwa sauti, na hakuna semina ya "matumizi mema" itakayomsaidia, kwa kuwa yeye hatumii kitu.

4. Daftari lililotangulia simu

Sitaikwepa hoja ya 1993, ile ya mapanga bila simu. Ndiyo silaha yao kubwa. Wanadhani teknolojia ni kitu chenye betri. Daftari je? Kitambulisho je? Sensa je? Hivyo ni vyombo vya kuwapanga binadamu, vilibuniwa, viliingizwa, na vilifanya kazi yake Masisi kwa ukamilifu kuliko simu yoyote.

Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Wabelgiji ulihamisha familia za wakulima kutoka Rwanda kuja Masisi kwa mpango rasmi, na mpango rasmi maana yake ni majina, idadi na safu. Mwaka 1972 sheria ya Zaire iliwapa uraia waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta mlango huo, ikataka ukoo wa mtu uwe ulikuwa nchini mwaka 1885. Mtu mmoja, bila kuhama kilima wala kubadili ng'ombe, alikuwa mgeni, akawa raia, akaacha kuwa raia. Yeye alibaki yuleyule; kilichohama ni kisanduku alichoandikwa. Mwaka 1991 maofisa walitumwa Kivu kuwatambua raia halisi, na zoezi hilo likazua vurugu Masisi, miaka miwili kabla ya Ntoto.

Kwa hiyo uvumi wa Ntoto haukuhitaji mtandao, nakubali. Ulihitaji watu waliokwisha kuzoezwa kwa miaka hamsini kutazamana kwa safu. Wao kwa wao walikuwa na majibu mengi ya swali "wewe ni nani?": mtoto wa fulani, wa kilima fulani, aliyesoma na ndugu yangu, aliyetukopesha fahali. Daftari liliuliza swali hilohilo na kukubali jibu moja. Kizazi baada ya kizazi, watu wakajifunza kujijibu wenyewe kama daftari lilivyotaka. Huo ndio ubaya mkubwa wa chombo: kinaingia katika namna mtu anavyojiona, na akishajiona hivyo hakumbuki kwamba alifundishwa.

Na daftari limeendelea kukua. Kongo imekaa miongo kadhaa bila kitambulisho cha taifa, hivyo kadi ya uchaguzi ndiyo iliyoshika nafasi yake. Kwa kadi hiyo unasajili laini ya simu, unapita kizuizini, unafungua akaunti. Mapema 2023, wakati mashine za CENI, tume ya uchaguzi, zilipokuwa zikiandikisha wapigakura nchini, M23 ilikuwa inaingia Mushaki. Uandikishaji haukufanyika kama kwingine, na tarehe 20 Desemba 2023 Masisi haikupiga kura, pamoja na Rutshuru na Kwamouth. Kijana wa Mushaki aliyetimiza miaka 18 mwaka huo alinyimwa kura, na pamoja na kura akanyimwa karatasi ya kuthibitisha kwamba yupo. Juni mwaka huohuo, huko Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alikabidhiwa kadi ya kwanza ya utambulisho wa kitaifa, kana kwamba ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kutotambuliwa.

Hapa "chombo tu" inavunjika mguu. Babu wa kijana huyo aliweza kuishi bila kadi na asiwe mtuhumiwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumdai. Kadi ilipokuja, kutokuwa nayo kukawa kosa. Chombo kimembadilisha hata asiyekigusa. Nionyesheni kisu cha jikoni kinachoweza kufanya hivyo kwa mtu ambaye hajawahi kukiona.

Vukeni mpaka mwende Uganda, waliko wengi wetu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II. Mapema 2018 maofisa wa ofisi ya waziri mkuu wa nchi hiyo walisimamishwa kwa tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi kwenye vitabu. Watuhumiwa walikuwa maofisa. Alama za vidole na picha za mboni zilichukuliwa kwa nani? Kwa wakimbizi, zaidi ya milioni moja, na hesabu ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Anayekula ni mmoja, anayenawishwa ni mwingine. Mkimbizi angeweza kukataa, bila shaka. Angekataa pamoja na unga na maharage.

Nairobi ilipata funzo lake mwaka 2023, watu walipopanga foleni kutazama mpira wa chuma wa mradi wa Worldcoin uliopiga picha mboni zao, wakalipwa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Waliopanga foleni walikuwa watu wazima, na walitoa "ridhaa". Ridhaa ya mtu mwenye njaa ina bei, na kampuni iliijua bei hiyo kabla ya kushuka uwanja wa ndege.

5. Akili ya nani?

Kuhusu akili mnemba nitasema kidogo, kwa kuwa wahubiri wake wanasema mno. Tunaambiwa mashine sasa inafikiri yenyewe na haina upendeleo. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa Kenya, chini ya kampuni ya Sama jijini Nairobi, walivyosoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili kuifundisha mashine ya kampuni ya OpenAI kuyatambua, wakipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mwaka uliotangulia, Daniel Motaung, aliyewahi kuchuja maudhui ya Facebook katika kampuni hiyohiyo, alikuwa ameishitaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama nchini Kenya kwa yale ambayo kazi ilimfanyia. Adabu ya mashine ni adabu iliyonyonywa kutoka kwa vijana wa Nairobi, na umeme wake unatulizwa kwa madini ya vilima vyetu. Kisha inaletwa kwetu kama mgeni kutoka mbinguni.

Korti ya Kenya, angalau, imekataa kulala. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Meta kuhusu machapisho yaliyotangulia kuuawa kwa Profesa Meareg Amare huko Ethiopia, Novemba 2021. Wadai hawakuishia kwa walioandika. Wanataka iulizwe pia nani aliyachagua maneno hayo, akayapandisha juu, akayapeleka kwa maelfu, na akapata matangazo kwa kufanya hivyo. Watu wa "chombo tu" wamekuwa wakitufundisha kumkamata aliyepiga kelele sokoni. Hawajawahi kumwuliza mwenye soko kwa nini anawapa vipaza sauti wenye matusi peke yao.

6. Nani anazima?

Nitaambiwa basi nirudi kwenye chukudu. Haya, twende. Chukudu, gari la mbao linaloshuka miteremko ya Masisi na makaa na viazi, limejengewa sanamu Goma, na vijana wa mjini hulicheka. Ni chombo kigumu, linaua mgongo, simtakii mwanangu. Lakini mwenye chukudu anajua kila ubao wake, likivunjika analitengeneza, na hakuna ofisi duniani inayoweza kulizima akiwa katikati ya mteremko.

Sasa linganisha. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, ikakaa kimya karibu siku ishirini. Wenye simu walikuwa na simu. Januari 2025 M23 walipoingia Goma, benki zilifungwa. Pesa zikabaki kwenye simu kama namba, na aliyetaka noti mkononi aliikatia pesa yake mwenyewe kamisheni kwa wakala. Wote hao walikuwa watumiaji wema, hawakutukana mtu, hawakusambaza uongo. Uhuru wao ulikuwa umeegeshwa kwenye swichi iliyoko kwa mwingine, na wema hauna nafasi kwenye swichi hiyo.

Kwa hiyo siwaombi wenye semina waache semina. Wabadilishe orodha ya walioalikwa. Kwa muda mrefu wamewaketisha darasani vijana wenye simu za tochi na kuwafundisha maadili ya kutuma ujumbe. Wamwite safari hii mhandisi aliyechagua tantalamu, mnunuzi anayesoma lebo, mwenye picha za droni, ofisa wa CENI, na yule aliyekata intaneti. Wafundishwe matumizi mema, wasaini orodha ya mahudhurio, wapigwe picha ya pamoja na kupewa cheti. Wala si lazima wakodishe ukumbi Goma. Mushaki kuna nyasi za kutosha kukalia.